Cuenta: Nani Anampa Nani Hesabu

Vitabu vya wanaoanza kujifunza Kihispania huliweka neno cuenta kwenye somo la mgahawani. Mteja ameshiba, anainua mkono, anasema: la cuenta, por favor. Mhudumu analeta karatasi. Ukurasa unaofuata ni somo la stesheni ya treni, na mwanafunzi anavuka akiamini kwamba neno hilo amekwisha lijua: cuenta ni bili. Hata sentensi yenyewe ni ya kitabuni zaidi kuliko ya kaunta. Kwenye baa za Madrid mtu aliyesimama na kikombe cha kahawa mara nyingi husema tu ¿me cobras?, yaani anaomba atozwe, na bili ya karatasi huenda asiione kabisa.

Wanaojifunza lugha huogopa vitenzi. Vya Kihispania vinatisha kweli, maana kila nafsi ina mwisho wake, kila wakati una jedwali lake, na iko hali nzima ya kitenzi iliyotengwa kwa ajili ya mambo yanayotamaniwa, kuogopwa au kutiliwa shaka. Nomino huonekana ni ya upole. Ukishajua jinsia yake na wingi wake, umemaliza. Cuenta ni ya kike, wingi wake ni cuentas, twende mbele. Kumbe hii si ya upole hata kidogo, kwa sababu haina maana inayokaa mahali pamoja. Maana yake huletwa na kitenzi kinachoishika. Kuna kuitoa, kujipa, kuanguka ndani yake, kuirekebisha, kuikabidhi, na kutoka ndani yake. Mjamzito aliyefikisha siku zake, Wahispania husema sale de cuentas, anatoka kwenye hesabu. Sisi tungesema siku zake zimetimia. Aliyekunywa kupita kiasi amekunywa más de la cuenta. Meksiko, mtu anayetaka uchukulie kuwepo kwa jambo lisilokuwepo atakwambia haz de cuenta, fanya hesabu kwamba, na wapo wanaolitia kila wanapoanza kusimulia jambo, wala hawalisikii tena, kama baadhi yetu na “yaani”.

Nimejizoeza kuuliza swali moja kila ninapokutana na cuenta: hapa nani anatoa hesabu, na nani anaipokea? Swali hilo limenifaa kuliko kamusi.

Cuenta imezaliwa na kitenzi contar, na contar kina kazi mbili ambazo Kiswahili kimezigawa. Ni kuhesabu na ni kusimulia. Anayehesabu kondoo na anayesimulia kisa cha mfalme wanatumia kitenzi kilekile, kilichotoka kwenye computare ya Kilatini. Kwa upande wa nomino familia imegawana urithi: cuenta ya kike imechukua hesabu, cuento ya kiume imechukua hadithi. Lakini zamani huyo ndugu wa kiume naye alikuwa na mkono kwenye fedha, kwa kuwa un cuento ilikuwa na maana ya milioni moja. Luis de Santángel alipotafuta fedha za safari ya kwanza ya Columbus, kiasi alichotoa, maravedi 1,140,000, kiliandikwa kuwa ni cuento moja na laki na arobaini elfu. Msomaji wa leo anayepitia nyaraka hizo kwa haraka anaweza kudhani safari ile iligharimiwa kwa hadithi, na kwa kiasi fulani hatakuwa amekosea sana.

Safari hiyohiyo inatupa maana nyingine. Tarehe 12 Oktoba 1492, kwenye kisiwa ambacho wenyeji walikiita Guanahaní, Columbus aligawa kofia nyekundu na shanga za kioo. Tunalijua hilo kupitia muhtasari wa shajara yake ulioachwa na Bartolomé de las Casas, na neno lililotumika humo kwa shanga ni cuentas. Kwa Mhispania wa karne ile hapakuwa na cha kushangaza. Tembe zilizotungwa kwenye rozari ni cuentas kwa sababu kila moja inashika hesabu ya sala, na jina hilo likaenea mpaka kwa kila ushanga wenye tundu, hata ule usiosaliwa. Sisi tuna tasbihi, iliyochukua jina lake kwenye sifa anayosifiwa Mungu, na tuna ushanga, pambo na bidhaa iliyokuja kwa majahazi kutoka India karne nyingi kabla Mreno hajaonekana kwenye upwa huu. Hatukuwahi kuhitaji kuviita kwa jina moja. Kwa Kihispania, zawadi ya pale ufukweni na deni huandikwa vilevile. Waliopewa zile cuentas siku ile hawakuwa na njia ya kujua kwamba zingine zingefuata.

Na waliokuja kudaiwa hesabu za aina hiyo ya pili, huko Andes, walikuwa tayari na hesabu zao wenyewe, tena za kutisha kwa usahihi. Dola ya Inka haikuwa na maandishi ya wino. Ilikuwa na quipu: uzi mkuu ambao kutoka kwake huning'inia nyuzi nyingi za pamba au za manyoya ya wanyama wa jamii ya ngamia wa kule, kila uzi na rangi yake, kila uzi na mafundo yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani Leland Locke alionyesha jinsi tarakimu zinavyosomwa. Mafundo yamepangwa kwa madaraja, mamoja chini, makumi juu yake, mamia juu zaidi, na pasipo na fundo ndipo penye sifuri. Mwaka 2005 Gary Urton na Carrie Brezine walichapisha uchunguzi wa quipu zilizopatikana Puruchuco, karibu na Lima, wakaonyesha kwamba jumla za quipu moja huibuka tena kwenye quipu nyingine ya daraja la juu. Hesabu ilikuwa ikipanda ngazi, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa wake.

Aliyetueleza mambo haya kwa Kihispania kizuri kuliko wote alizaliwa Cusco mwaka 1539, mama yake wa ukoo wa kifalme wa Inka, baba yake kapteni Mhispania. Jina aliloliandikia ni Inca Garcilaso de la Vega, na kitabu chake kikuu kilitoka Lisbon mwaka 1609. Alipofika kwenye neno quipu ilimbidi awafafanulie Wahispania, na anasema kwamba lina maana ya kufunga fundo, na fundo lenyewe, na pia huchukuliwa kuwa ni cuenta, kwa kuwa mafundo yalitoa hesabu ya kila kitu. Mtu wa lugha mbili alitafuta neno la kubebea ulimwengu wa mamaye, akaliona hili la babaye linatosha.

Halafu anasimulia jambo ambalo mimi nalithamini kuliko ufafanuzi wote. Utotoni mwake, machifu wa wenyeji wa Andes walikuwa wakija mjini kulipa kodi wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana na wakati wa Krismasi. Wale ambao hawakuwa chini ya baba yake walimsihi mama yake amruhusu mtoto awalinganishie hesabu, kwa kuwa hawakuwaamini Wahispania. Mtoto alisoma karatasi ya Mhispania, akaiweka sambamba na nyuzi, akaona kama zinakubaliana. Ndivyo alivyokuja kuzijua quipu. Hebu tulipime hilo. Mdaiwa anafika na kumbukumbu yake mkononi, iliyofungwa na watu wake, na anataka mdai ndiye ahakikiwe. Kwa muda mfupi, kwenye ua wa nyumba moja ya Cusco, hesabu iligeuka ikatazama upande wa pili.

Quipu zilifika hata kwenye kitubio. Mjesuiti José de Acosta, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1590, anasema alimwona mwanamke mwenyeji wa Andes aliyeshika fungu la nyuzi ambamo alikuwa ameandika maungamo ya maisha yake yote, naye akaungama kwa kuzifuata kama ambavyo yeye Acosta angefuata karatasi iliyoandikwa. Kanisa lenyewe halikujua lizifanye nini nyuzi hizi. Mtaguso wa tatu wa Lima, mwaka 1583, uliamuru quipu zilizohusishwa na ibada za zamani zichukuliwe kutoka kwa wenye nazo. Kwa hiyo katika miaka hiyohiyo uzi wenye mafundo uliweza kuwa ushahidi mbele ya hakimu, orodha ya dhambi mbele ya padri, au kitu cha kunyang'anywa. Zilizosalia duniani leo nyingi ziko kwenye makumbusho, na zile ambazo huenda zinasimulia badala ya kuhesabu bado hazijasomeka. Contar moja imefunguka, nyingine imekataa.

Mahali ambapo mwanafunzi wa Kihispania atakutana na neno hili mara nyingi kuliko mgahawani na benki ni kwenye darse cuenta. Lina maana ya kutambua, kung'amua, kutanabahi. Me di cuenta: nilijipa hesabu. Ukilitafsiri kipandekipande linachekesha kidogo, na Mhispania mwenyewe halioni tena hilo, jinsi sisi tusivyoiona maana ya kuanzia ya maneno tunayoyatumia kila siku. Lakini mgeni ana faida moja juu ya mwenyeji: neno halijachakaa kinywani mwake. Kutambua, kwa mpangilio huu, ni mtu mmoja kuwa karani na bosi wake mwenyewe. Aliyetoa na aliyepokea ni yuleyule. Ndiyo maana halina haraka. Jambo linaloingia akilini ghafla lina usemi wake mwingine, caer en la cuenta, na hapo mtu ameanguka tu. Kuanguka si kukaa chini ukapiga jumla.

Hapa pana kijiwe cha kisarufi ambacho walimu hupenda kukigonga. Kwa usahihi ni darse cuenta de que, na hicho kijineno de ndicho kinachotangulia jambo lililotambuliwa. Wenyeji wengi, wasomi wakiwemo, hukiacha wanapoongea. Wataalamu wa sarufi wanalo jina la kosa hilo, na mitihani hulikata maksi. Mimi nimeamua kukitamka daima, si kwa utiifu, bali kwa sababu ninapenda kusikia kwamba hesabu ni ya jambo fulani.

Fedha basi, maana hatuwezi kuikwepa. Akaunti ya akiba ni cuenta de ahorros, na hapa Mswahili ana sababu ya kusimama. Ahorrar, kuweka akiba, kimetokana na neno la kale horro, lililochukuliwa kutoka Kiarabu cha Andalusia, na mzizi wake ni hurr: aliye huru. Kwanza kitenzi hicho kilimaanisha kumwacha huru mtumwa. Baadaye kikawa kujiepusha na gharama, kisha kuweka fedha. Wahispania walichukua kwa Waarabu huru, wakachukua na hata (wao husema hasta, na si nomino, lakini nilifurahi mno nilipoijua kiasi kwamba siwezi kuipita kimya). Hisab wakaiacha, wakabaki na Kilatini chao. Sisi hatukuiacha: tukaichukua hesabu kwa mikono miwili, kwa duka, kwa darasa, na kwa Siku ya Hesabu yenyewe, ile ambayo hakuna wa kumtuma akujibie.

Sheria ya kazi ya Uhispania inawagawa watu kwa neno hili. Anayejiajiri anafanya kazi por cuenta propia, kwa hesabu yake mwenyewe. Aliyeajiriwa yuko por cuenta ajena, kwa hesabu ya mwingine. Ni lugha ya fomu za ofisini, haina ushairi wowote, lakini dereva wa daladala wa Dar es Salaam angeielewa bila mkalimani. Yeye kila jioni anapeleka “hesabu” kwa tajiri, kiasi kilichokubaliwa, iwe abiria walikuwepo au mvua ilinyesha kutwa. Kinachozidi ni chake. Kisipotimia pia ni chake, kwa maana ile nyingine.

Usafi wa hesabu husifiwa pande zote. Wahispania husema hesabu ziwe wazi na chokoleti iwe nzito, las cuentas claras y el chocolate espeso, na wahenga wetu walikwisha kuonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hata hivyo mtu anayekumbukwa zaidi na Wahispania kwa habari ya hesabu ni yule aliyekataa kuzitoa. Gonzalo Fernández de Córdoba, waliyemwita Kapteni Mkuu, aliuteka ufalme wa Naples mwaka 1503 kwa niaba ya Mfalme Fernando. Inasimuliwa kwamba mfalme alimtaka aonyeshe fedha zilivyotumika, naye akaleta orodha ya kejeli: mamilioni kwa masepetu na majembe, gharama za kulipia masista na maskini wauombee ushindi, kukarabati kengele zilizochakaa kwa kushangilia, na mwisho milioni 100 kwa uvumilivu wake wa kumsikiliza mfalme akimdai hesabu mtu aliyempa ufalme. Hiyo ni hadithi, na kila anayeisimulia hubadili takwimu. Mpaka leo bajeti iliyotiwa chumvi huitwa las cuentas del Gran Capitán. Ninachokiona mimi ni upande ambao msikilizaji husimama. Hucheka pamoja na shujaa. Hakuna anayewauliza watu wa Naples.

Kuna ajuste de cuentas, usemi ambao ningependa usiwepo. Kwa herufi ni kurekebisha hesabu, kusawazisha vitabu. Kwenye kurasa za uhalifu za magazeti ya Amerika ya Kusini na ya Uhispania ni mauaji ambayo polisi wanadhani yamefanywa na magenge kulipizana. Tazama inavyofanya kazi. Kabla upelelezi haujaanza, neno limekwisha mfungulia marehemu akaunti. Kama hesabu imesawazishwa, basi palikuwa na deni. Kama palikuwa na deni, aliyekufa alikuwa na lake. Jirani anayesoma anashusha pumzi, kwa kuwa yeye hadaiwi na mtu. Usemi mzima hauna anayehojiwa.

Mantiki hiyo inaweza kutembea hata bila usemi wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Januari 2010, watu wenye silaha waliingia kwenye sherehe ya vijana mtaa wa Villas de Salvárcar, mjini Ciudad Juárez, kaskazini mwa Meksiko, wakaua zaidi ya watu 10, wengi wao wanafunzi. Rais Felipe Calderón, aliyekuwa ziarani Japani, alidokeza kwamba huenda ulikuwa uhasama wa makundi. Wazazi walijua watoto wao walikuwa wanafunzi na wanamichezo. Februari rais alipokwenda Juárez, mama mmoja, Luz María Dávila, aliyepoteza wana wawili usiku ule, alipita katikati ya mkutano akasimama mbele yake. Alimwambia kwamba hawezi kumkaribisha, na akamtaka afute aliyoyasema juu ya watoto wake. Kamera zilikuwepo, na nchi nzima ilimwona.

Alichokifanya kina jina kwa Kihispania, na nomino ni ileile: pedir cuentas, kudai hesabu. Anayedaiwa hutakiwa kujibu kwa kitenzi rendir, kukabidhi, kitenzi ambacho kikijirejea, rendirse, huwa ni kusalimu amri. Kutoka hapo limetengenezwa rendición de cuentas, ambalo kwenye mikutano ya kimataifa wakalimani wetu hulitolea “uwajibikaji” bila kupepesa. Sina hakika tumepata thamani kamili ya fedha yetu. Kuwajibika, hasa katika siasa za Tanzania, kumekuja kumaanisha kung'atuka. Miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kufuatia vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa dola mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na tangu hapo jina lake hutajwa kila tunapotaka waziri awajibike. Ulikuwa uungwana, na haujapata waigaji wengi. Lakini Kihispania kinatenganisha mambo hayo mawili: kuondoka ofisini ni dimitir, na mtu anaweza kuondoka asubuhi na mapema bila kukabidhi hesabu yoyote, au akakabidhi zote na kubaki kitini.

Rendir cuentas ina nafasi mbili za kujazwa baada yake: de, hesabu za nini, na a, hesabu kwa nani. Sarufi haimlazimishi mtu kuzijaza. Sentensi inasimama vizuri tu bila hizo, na ndivyo inavyochapishwa mara nyingi, el gobierno rendirá cuentas, serikali itatoa hesabu. Kwa nani, gazeti halisemi.